Nani Atamwambia Kuwa Kumekucha?



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Bwana Mtume Muhammad, ahli zake na masahaba zake, twapenda katika ukurasa wetu wa mwezi huu kusema na wazazi, na vijana pia, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikwepa. Jambo lenyewe ni elimu ya juu ya kijana mwenye ulemavu: asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea bila magongo, au mwenye ualbino ambaye macho yake hayafiki mbali na ngozi yake haivumilii jua.

Lililotusukuma kuandika ni swali la mama mmoja wa hapa Mwanza. Alikuja madrasani kwetu baada ya sala ya Alasiri, barua mkononi. Binti yake, ambaye tangu kuzaliwa haoni, amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu kilicho mbali na mkoa wetu. "Maalim," akatuuliza, "nimwache aende, ama nimweke nyumbani? Huko nani atamshika mkono? Na jamaa wananiambia kuwa najitafutia mzigo juu ya mzigo."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba arudi baada ya siku mbili, kwa sababu swali lake liligusa kidonda chetu wenyewe. Ni haki ya msomaji akijue kidonda hicho kabla hajasikia nasaha yoyote kutoka kwetu.

Miaka zaidi ya 25 iliyopita, tulipokuwa tungali vijana katika kazi hii, tulikuwa na mwanafunzi asiyeona. Baba yake aliuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mtoto yule alihifadhi kwa kusikia tu, na alihifadhi upesi kuliko wenzake wenye macho. Mara nyingi yeye ndiye aliyewasahihisha kisomo chao sisi tulipokuwa tukishughulika na wengine. Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alimshauri baba yake ampeleke mtoto katika shule inayofundisha maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa ncha za vidole. Baba, kwa heshima yake, alikuja kwanza kutaka rai yetu. Nasi tukamwambia: "Ana Kurani kifuani, yamtosha. Huko shuleni atahangaika bure." Baba akatusadiki, na mtoto akabaki.

Leo ni mtu mzima. Husoma katika hitma na maulidi, na watu humpa wanachompa. Si muda mrefu alituuliza swali moja, kwa upole: "Maalim, wale niliokuwa nikiwasahihisha, wako wapi sasa?" Tulimhesabia: mmoja ni mwalimu wa sekondari, mmoja ni mganga, mmoja ni karani wa bandari. Alitikisa kichwa, akashukuru kwa kuwa wako wazima. Sisi hatukupata la kuongeza.

Ndugu msomaji, Kurani haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuifanya kisingizio. Wale wenzake wenye macho hatukuwaambia hata siku moja kuwa Kurani imewatosha. Wao tuliwahimiza wasome ya dini na ya dunia, tukawaonya wasikose shule. Kwa nini basi yule mmoja tu tulimpimia elimu kwa kibaba? Tuliita huruma, na kwa hakika ulikuwa uvivu wa kufikiri. Tulihesabu kile alichokosa, tukasahau kuhesabu kile alichokuwa nacho.

Laiti tungalirejea katika sira ya Bwana Mtume (s.a.w.) kabla ya kujibu, tungalipata jawabu lililo wazi. Kila mtoto wa madrasa amesikia habari za Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba asiyeona, ambaye kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Sura ya Abasa. Mtume alikuwa amewaelekea wakubwa wa Kikureshi akitaraji waamini, ndipo sahaba yule akamjia. Na Mwenyezi Mungu akamtanabahisha Mtume wake asimpe kisogo. Lakini tuliposimulia kisa hiki, wengi wetu tulipita haraka mahali penye nguzo yake. Je, Abdullah alikuja kutaka nini? Hakuja kutaka chakula wala nguo. Alikuja kutaka kufundishwa. Aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye ambaye mbingu ilimtetea.

Tena kuna la pili, nalo hutajwa kwa uchache. Abdullah alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na adhana yake ilikuwa ile ya kuingia Alfajiri. Tafakari, ewe mzazi. Alfajiri haijulikani kwa kusikia wala kwa kupapasa. Hujulikana kwa jicho, kwa weupe unaotanda upande wa mashariki. Wala si adhana ndogo, kwani wenye kufunga walikula na kunywa mpaka waisikie sauti yake. Kazi inayotaka macho kuliko nyingi nyingine, akapewa asiye na macho! Aliiweza vipi? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Mwenye macho alitazama mbingu akamwambia. Naye akasimama akapaza sauti, na mji wote ukamfuata.

Hapa pana mafunzo makubwa. Haikusemwa kuwa kazi hii si yake, apewe nyingine ya kukaa pembeni. Wala haikusemwa kuwa fulani aadhini badala yake, kisha sifa apewe yeye. Sauti ilikuwa yake, elimu ilikuwa yake, na amana ilikuwa yake. Kilichopungua kilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho jamaa walikitia. Huko ndiko kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu: si kumfanyia kazi yake, bali kumwambia kuwa kumekucha.

Watu wengine watasema, "Hayo yalikuwa zama za Mtume, chuo kikuu ni jambo jingine." Twawajibu kwa mfano wa mtu aliyeanza pale pale wanapoanza watoto wetu, juu ya mkeka wa chuoni. Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, alipofuka angali mdogo, akahifadhi Kurani katika chuo cha kijijini kwao, kisha akaenda Al-Azhar. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Misri kilimpa shahada ya udaktari, akaenda kusoma Ufaransa, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa nchi yake. Wanazuoni wengi walimpinga katika baadhi ya maandiko yake, nasi hatumtaji kwa ajili ya hayo. Twamtaja kwa kuwa siku zote alikuwa na mtu wa kumsomea, na kwa kusomewa huko akaja kuwa msimamizi wa shule zote za Misri.

Na hapa kwetu Tanzania tusiende mbali. Dk. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, alisoma sheria hadi akapata shahada ya udaktari Ujerumani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na Desemba 2015 akateuliwa naibu waziri. Mwaka 2017 akawa balozi wetu huko huko Ujerumani. Ikumbukwe kuwa katika miaka ile ile, tangu 2006 na kuendelea, hapa Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo kwa ramli na ushirikina, mambo ambayo Uislamu umeyaharamisha. Watoto walikimbiziwa katika shule kama Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga, wapate kulala salama. Ngozi ile ile ambayo mjinga aliiona kuwa dawa ya utajiri, mwenye akili aliona ndani yake mwanasheria na balozi. Tofauti ilikuwa katika macho ya waliotazama.

Sisi watu wa ziwa tuna mfano wetu wenyewe wa kueleza jambo hili. Miaka mingi aliyetaka kutoka Kigongo, upande wa Misungwi, kwenda Busisi, upande wa Sengerema, alingoja kivuko. Mwezi Juni 2025 likafunguliwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na leo watu hupita juu ya maji. Je, yuko aliyesema kuwa asiyejua kuogelea akae kwao Sengerema? Yuko aliyemwita abiria mzigo kwa sababu amepita darajani? La! Mbele ya maji yale sote ni wenye ulemavu, basi sote tukajengewa njia, wala hatukuona haya. Kwa mwenye magongo, ngazi za chuo ndilo ziwa lake. Kwa asiyeona, ziwa lake ni ubao wenye maandishi. Kwa kiziwi, ziwa lake ni sauti ya mwalimu. Kila mmoja ataka daraja lake, na mara nyingi daraja hilo ni dogo kuliko tudhaniavyo: njia ya mteremko kando ya ngazi, kitabu kilichosomwa kwa sauti na kuhifadhiwa katika simu, mkalimani wa lugha ya alama, kiti cha safu ya mbele.

Wala si watu wachache tunaowazungumzia. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wa Tanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Serikali nayo imeweka msingi. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo yaitambua elimu kuwa haki yao. Baraza la Mitihani limekuwa likiwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kumbe, hata mtihani, ambao hauna huruma, umejua kuwa haki si kumpimia kila mtu kwa saa moja. Itakuwaje nyumba ya Mwislamu isijue?

Lakini sheria haiamki asubuhi ikamsindikiza mtoto hadi kituo cha daladala. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Atokaye katika milima ya Mabatini au Bugarika hushuka vijia vya mawe kabla hajaiona barabara, na mwenye magongo huzichoka nguvu zake kabla somo halijaanza. Hayo ni yetu sisi, wazazi, majirani na watu wa msikiti. Kwa hiyo twataka kuyataja yale yanayowezekana, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kutomficha mtoto. Chuo kikuu hakianzi kidato cha sita. Huanza siku ile mzazi anapomtoa mtoto ndani akamwandikisha shule pamoja na ndugu zake. Asiyeona asipofundishwa nukta nundu mapema, na kiziwi asipofundishwa lugha ya alama mapema, hufika mbele akiwa amechelewa kwa miaka, na watu husema kuwa hana akili. Mwenye ualbino apewe kofia pana na nguo za mikono mirefu, na mwalimu aambiwe amkalishe mbele.

La pili ni kuuliza kabla ya kuchagua. Kijana anapotaka kuomba nafasi, iwe hapa Mwanza katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe au chuo cha afya cha Bugando, iwe Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam, mzazi au ndugu na aulize: Ni nani hapo anayewashughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu? Madarasa ya masomo haya yako orofa ya ngapi? Je, mabweni yana chumba cha chini? Mtihani hutolewa kwa nukta nundu au kwa maandishi makubwa? Maswali haya yaulizwe wakati bado kuna nafasi ya kuchagua, si siku ya kufika na sanduku.

La tatu ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwatambua waombaji wenye ulemavu kuwa wahitaji, lakini hutaka uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Karatasi hizi hazipatikani kwa siku moja. Vijana wetu hukosa kwa kuwa familia ilianza kutafuta cheti dirisha likikaribia kufungwa. Muongozo wa mwaka husika usomwe mapema, na asiyeweza kusoma asomewe.

La nne ni la msikiti na madrasa. Kila Ijumaa tunatoa sarafu kwa asiyeona aliyekaa mlangoni, tukahisi kuwa tumelipa deni. Ni vyema kutoa, wala hatukatazi. Walakini kijana yule yule akija na barua ya chuo, tunamwambia, "Serikali ipo." Tumezoea kumsaidia aliyeinama, na anaposimama tunamwacha. Tungetenga sehemu ya sadaka zetu mwaka mzima, tungeweza kununua fimbo nyeupe, magongo, au simu inayosoma maandishi kwa sauti, vitu ambavyo familia maskini haivimudu kwa mara moja. Na tuitazame misikiti yenyewe: mwenye kiti cha magurudumu ataingilia wapi? Atatawadha wapi? Kiziwi anayeketi Ijumaa baada ya Ijumaa akitazama midomo ya khatibu, ni nani aliyemfasiria hata khutba moja?

La tano ni lenu, enyi vijana mlioko vyuoni. Mkiwa na mwenzenu asiyeona, msimvute mkono kama mzigo. Mwulizeni kwanza, kisha mpeni kiwiko chenu akishike mwenyewe. Mnapomsomea, someni yote, msifupishe kwa kuchoka, kwani hajui mlichokiruka, na hiyo ni khiyana. Msimwandikie kazi yake, kwani huko ni kumwibia. Wala msimwite kwa kilema chake; Mwenyezi Mungu ametukataza kuitana kwa majina mabaya, na mwenzenu ana jina alilopewa na wazazi wake.

Tumebakiza hoja moja ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini: "Je, akimaliza, nani atampa kazi?" Hatutadanganya. Kazi ni ngumu hata kwa wenye macho mawili na miguu miwili, na wako waajiri ambao huona fimbo nyeupe wasiione shahada. Lakini tukimzuia kwa sababu hiyo, tumemhukumu kabla ya mwajiri hajamhukumu, na tumempa mwajiri yule ushahidi. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu; kufunga kamba ya ngamia ndiyo kazi yetu. Mwenye elimu akikosa kazi atabaki na elimu yake, na ataweza kujitetea. Asiyepelekwa kabisa atabaki na nini?

Mama yule alirudi siku ya pili kama tulivyoagana. Tulimwambia, "Aende." Tulimweleza pia hofu yake ni ya haki: binti yuaenda mahali pageni, na mzazi wa Kiislamu hawezi kumtupa mwanawe. Basi ndugu yake wa kiume atafuatana naye, akae mjini wiki ya kwanza, amzoeshe njia ya kutoka bwenini hadi darasani, msikitini na dukani, hatua kwa hatua, mpaka aijue peke yake. Tumewapata kwa njia ya jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu mabinti wawili wa bweni lile lile walioahidi kumsomea kwa zamu. Barua ya mganga imepatikana. Wazee wa msikiti wamechanga nauli na simu.

Tulipokuwa tukichanga, alikuwapo yule mwanafunzi wetu wa zamani. Alitoa alichokuwa nacho, kisha akauliza jambo moja ambalo hakuna mwenye macho aliyelikumbuka: "Amefundishwa kutembea na fimbo, au mmezoea kumshika mkono tu?" Tulitazamana. Hakuwa amefundishwa. Tangu siku ile, kila jioni yeye mwenyewe humfundisha, mama yake akiwapo, katika uwanja wa madrasa. Twawasikia wakigonga mawe ya ukutani na kuhesabu hatua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa kwa watoto wetu hali tukidhani kuwa twawahurumia, atupe macho ya kuona alichowapa kabla ya alichowanyima, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowaambia wenzao kuwa kumekucha. Amin.

Wassalaam.